Mieleka Baada ya Alasiri

Ligi za Ulaya zikifunga, banda langu la video hubaki kama msikiti wa mchana wa kazi: mabenchi yamepangwa, feni inazunguka, na hakuna mtu. Liko Kiembeni, la mbao na mabati, na ndani mna televisheni kubwa ambayo marehemu mume wangu aliinunua kabla figo hazijamlaza kitandani. Wanaume hujaa humo mpaka mlangoni wakati wa mpira. Mpira ukienda likizo, nao huenda likizo.

Mimi ni mpenzi wa mieleka. Nalisema hili bila kuinamisha uso. Nilianza nikiwa msichana mdogo Frere Town, kwa jirani mmoja aliyekuwa na televisheni isiyo na rangi, watoto wote tumejazana sakafuni, na kila jitu likiangushwa tulishtuka kwa pamoja kama tumeangushwa sisi. Wenzangu walikua wakaacha. Mimi nilikua nikaendelea. Mume wangu alikuwa mtu wa mpira, lakini alikuwa akikaa nami. "Haya, tazama wehu wako," alizoea kusema, huku akinimenyea machungwa.

Basi mwezi ule wa likizo ya mpira nilikuwa peke yangu bandani, natazama, napiga kelele, jirani yangu muuza mahamri akaingia kuazima kiti. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. Akasimama na kiti mkononi. Halafu akakitua chini akakikalia. Kesho yake alirudi mapema.

"Shoga," akaniuliza, "yule aliyepigwa kwa ngazi jana, yu hai?"

"Yu hai. Leo anarudi kulipiza."

"Ngoja nimwite na mwenzangu."

Kabla ya wiki kwisha walikuwa benchi tatu za wanawake. Walikuja baada ya swala ya alasiri, kazi za nyumbani zimekwisha na za jioni hazijaanza, na magharibi ilipokaribia walitawanyika. Wengine walikuja na maembe mabichi ya kukata kwa pilipili, wengine na nguo za kushona. Niliandika mlangoni kwa chaki: ALASIRI NI YA WANAWAKE.

Nilikuwa na jambo la kuamua. Mieleka si kampuni moja. Iko ile kongwe ya Marekani niliyokua nayo. Iko ile changa, ya Marekani pia, iliyoanzishwa kushindana na hiyo kongwe. Na iko ya Wajapani, ambayo ulingoni hupanda wanawake peke yao. Kila moja ina ndiya yake ya kuingia nyumbani: hii king'amuzi hiki, hii king'amuzi kingine, hii ya tatu kwa mtandao. Zote tatu sikuweza kuzilipia kila mwezi. Nikawaambia wanawake wangu, "Mwezi huu mzima tutazionja zote. Ukiisha, mtaniambia nibaki na ipi."

"Na wewe mwenyewe?" akauliza muuza mahamri.

"Mimi najua langu. Nataka la kwenu."

Kwa kuwa watangazaji walisema Kiingereza cha haraka, au Kijapani, nilipunguza sauti yao nikasimama pembeni ya televisheni nikatangaza mwenyewe. Sikujua kwamba nina kipaji hicho. Nilimpa kila mwanamieleka jina la Kiswahili, nikaeleza uovu wa kila adui tangu alikotoka. Bi kizee mmoja wa Likoni, aliyekuwa amekuja kukaa kwa binti yake hapo jirani, alikuwa akikaa mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. "Mato yangu yameingia ukungu," alisema, "lakini masikio ni mazima. Wewe sema tu, mwanangu, mimi naona."

Tulianza na ile kongwe. Taa, moshi, fataki, mtu anatembea kuja ulingoni kama anayekwenda kurithi ufalme. Akifika, anapewa kipaza sauti. Anasema. Adui wake anatokea, naye ana kipaza sauti. Wanasema. Anatokea wa tatu.

"Watapigana lini?" akauliza bi kizee.

"Bado, bibi. Wanatukanana kwanza."

Muuza mahamri alicheka mpaka akafuta machozi. "Hawa ni kama arusi za siku hizi. Kuingia kwa bibi arusi saa nzima, biriani kijiko kimoja!" Lakini ni yeye aliyeipenda kuliko wote. Alipenda hadithi: nani amemsaliti nani, ndugu gani wamegombana juu ya mkanda wa ubingwa, rafiki yupi atageuka. Alisema ni mambo ya nyumbani kwao kabisa, ila kwao hakuna fataki.

Ile changa ilikuwa kinyume. Kengele ikilia watu wanaruka. Wanaruka kutoka kwenye kona, wanaruka nje ya kamba, wanaanguka juu ya meza, damu inawachuruzika usoni na bado wanaruka. Aliyeipenda ni mpangaji wa chumba cha nyuma yangu, mwanamke kutoka bara anayefanya kazi katika kiwanda cha vyuma Changamwe na kuimba kwaya ya kanisa siku za Jumapili. Siku za zamu ya asubuhi aliteremka garini na kuja moja kwa moja bandani, na vumbi la kiwanda nywelini.

"Manze, hawa ndio wanapigana," akasema. "Wale wengine ni wanasiasa."

Mimi sikukubaliana naye, na nilimwambia. Kila pambano la ile changa ni kubwa, basi hakuna lililo kubwa. Ni pilau iliyomiminiwa bizari zote za dukani: tonge la kwanza linakuwasha, la pili linakuwasha, la tatu ulimi umekufa huonji kitu. Tulibishana mpaka adhana ikatukuta tukibishana.

Ni katika siku hizo za ile changa shemeji yangu alipokuja. Ni mdogo wake marehemu, mtu wa ofisi za kutoa mizigo bandarini, hodari wa kunyoosha shati. Alisimama mlangoni akatazama mabenchi, akatazama televisheni, ambapo kwa bahati mbaya jitu lenye chupi ya dhahabu lilikuwa limeinama.

"Shemeji, njoo nje kidogo."

Sikutoka. "Sema tu. Hawa ni watu wangu."

"Nakuheshimu kwa sababu ya ndugu yangu. Lakini hii ni aibu. Wake za watu kukaa wakitazama wanaume walio uchi!"

"Waume za watu hukaa humu humu wakitazama wanaume wenye kaptura, msimu mzima. Hujaja hata siku moja kusema."

"Ule ni mchezo. Huu ni uongo. Kila kitu kimepangwa."

Yule wa kiwandani akageuka kwenye benchi. "Buda, kwani wenu wakiguswa kidole si wanajibingirisha wakishika goti? Na refa anatoa kadi?"

Banda zima likalipuka. Shemeji alikunja uso. Nilijua hakuzoea kuchekwa, na nilijua pia kwamba haya hayakuwa ya chupi ya dhahabu. Tangu tulipomzika ndugu yake alikuwa akinizunguka juu ya banda lile: mara ana mpangaji, mara lingefaa kuwa duka la dawa, mara mwanamke mjane hapaswi kukaa na wanaume wa mpira. Sasa nimekaa na wanawake, na bado sipaswi.

"Uongo," akasema bi kizee taratibu, bila kugeuza kichwa. "Mwanangu, mimi nimecheka kwenye arusi za watu nisiowapenda, nikalia kwenye matanga ya watu walioniudhi. Huyo anayeanguka na mgongo wake, mgongo ni wake au si wake?"

Kwa heshima ya umri wake shemeji aliondoka, na mimi nikaendelea kutangaza.

Ya Wajapani niliiweka mwisho, na kusema kweli niliiweka kwa kukamilisha tu. Nilidhani hawatavumilia lugha. Mtandao nao ulikuwa unakwama kila mara, mtu yuko hewani, miguu juu, tunamsubiri atue. Wanawake wawili wanapanda ulingoni. Wanainamiana kwa heshima. Halafu mmoja anampiga mwenzake kofi la kifua lenye sauti ya mlango uliobamizwa na upepo, na yule aliyepigwa anatoa kifua tena: piga.

Hakuna aliyekata embe siku ile. Kulikuwa na mmoja mdogo wa mwili, mkono umefungwa bendeji, anapambana na bingwa aliyemzidi kwa kimo na upana. Kila akiangushwa mwamuzi anahesabu, na kabla ya tatu anainua bega. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila mtu, nilikosa la kusema. Bi kizee aliuliza, "Vipi? Mbona umenyamaza?"

"Ameamka, bibi."

"Na sasa?"

"Ameamka tena."

Alishindwa mwishowe. Akalia mbele ya watu bila kujifunika uso, na bingwa akamwinamia. Muuza mahamri aliyekuwa akipenda maneno kuliko ngumi alikuwa amejishika mdomo kwa leso. Hakuna aliyemfahamu hata neno moja, na wote walikuwa wamemwelewa.

Pambano la marudiano lilikuwa siku chache baadaye. Habari zilienea mpaka wanawake wa upande wa Bamburi wakasema watakuja. Siku yenyewe nilikwenda sokoni asubuhi, na niliporudi nilikuta kufuli jipya, kubwa, la shaba, limewekwa juu ya kufuli langu.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Kinyozi wa pembeni alinitazama akatazama chini. "Shemejiyo alipita," akasema. "Amesema ni uamuzi wa ukoo."

Nilikaa kwenye kizingiti. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa na kapu la ndizi mapajani kama mgeni anayesubiri kufunguliwa. Nilifikiri nitalia. Badala yake nikakumbuka siku tulipoezeka, marehemu yuko juu ya ngazi akigongomea mabati na mimi chini nimeishika ngazi, misumari mdomoni, na mimba ya kitinda mimba wangu tumboni. Ukoo haukuwako siku ile. Kodi ya ardhi kwa mwenye shamba, tangu alipougua, naipeleka kwa mkono wangu. Nikasimama nikapeleka ndizi nyumbani nikatia udhu nikaswali.

Wanawake walipofika walikuta mlango umefungwa na mimi nimesimama mbele yake.

"Basi turudi?" akauliza mmoja.

Bi kizee akagonga bakora yake chini. "Hatuondoki. Tandikani mkeka."

"Tutandike tufanye nini, bibi? Televisheni iko ndani."

"Kwani wewe huna mwili?"

Tulitazamana mimi na muuza mahamri. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Akafunga mtandio vizuri kichwani, akajifunga kibwebwe juu ya dera lake, na mimi nikajifunga changu. Mkeka mkubwa ukatandikwa mbele ya mlango, wanawake wanne wakashika leso nne zilizofundikwa ncha kwa ncha, zikawa ndizo kamba. Yeye akachukua nafasi ya yule mdogo wa bendeji, ingawa ni mpana kuliko mimi mara mbili. Mimi nikawa bingwa. Tukainamiana.

Sijui kama nimewahi kufanya jambo la kipumbavu kama lile kwa moyo mkunjufu kama ule. Nilimpiga kofi la bega, akatoa bega tena. Nilimshika kiunoni nisiweze kumwinua, watu wakaangua kicheko, naye akaniinua mimi kama gunia la unga na kunilaza mkekani kwa upole wa mama anayelaza mtoto, kisha akaunguruma kana kwamba amenivunja mbavu. Bi kizee alihesabu kwa bakora. Moja. Mbili. Nikainua bega. Watu walikuwa wamesimama njia nzima: wa bodaboda, wateja wa kinyozi nusu wamenyolewa, wanafunzi wakitoka shule, wanawake walio madirishani.

Nilikuwa chali, chini ya muuza mahamri, nilipoviona viatu vya shemeji.

"Umeniaibisha mbele za watu!"

Nikainuka. Nilijipangusa vumbi, nikakaza mtandio, sikufanya haraka. "Kufuli umelitia mbele za watu. Majibu yake ni mbele za watu."

"Banda hili ni la ndugu yangu."

"La ndugu yako na mimi. Na yeye amekwenda, Mungu amrehemu, nimebaki mimi. Fungua."

"Sifungui mpaka tukae kikao."

Hapo ndipo umati ulipoanza. Sikuwaambia. Walianza wa bodaboda, wakafuata wanafunzi, wakamzomea kama anavyozomewa adui anapopanda ulingoni. Shemeji aliinua mkono kuwanyamazisha, na ule mkono ndio uliomwangusha, kwa sababu maadui wote wa ile kampuni kongwe huinua mkono vile vile. Wanawake wangu walipoliona hilo hawakujiweza. Mwanzo nami nilicheka. Halafu nilimtazama usoni nikamwona marehemu, ile taya, ile namna ya kukodoa macho akiumizwa, na kicheko kikanikauka. Lakini sikurudi nyuma.

"Shemeji, nakuomba kwa heshima. Fungua."

Alitia funguo mfukoni.

Yule wa kiwandani alipenya katikati ya watu. Alivuka njia kwa fundi wa kuchomea mageti. Tulimsikia fundi akisema, "Mimi simo kwa mambo ya familia," naye akamjibu, "Sijakuita kwa familia. Nipe grinda na waya." Akarudi nayo imening'inia mkononi, waya unamfuata toka karakana ya fundi. Akavaa miwani yake ya kazini aliyoitoa mkobani.

Alinitazama. "Mama, nikate?"

"Lete. Nitakata mwenyewe. Wewe nishike mkono."

Akanivisha miwani. Akauweka mkono wake juu ya wangu. Chuma kililia, cheche zikaruka mpaka kwenye pindo la dera langu, na shemeji akapiga hatua nyuma. Kufuli lilianguka mkekani, bado la moto. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilitoa ufunguo wangu nikafungua kufuli langu, kwa sababu langu sikuwa na haja ya kulikata.

Pambano la marudiano tulilitazama. Mtandao ulikwama mara kadhaa, na yule mdogo akashindwa tena.

Mwezi ulipoisha nilipigisha kura kama nilivyoahidi, watu wakinyoosha mikono. Muuza mahamri alibaki na ile kongwe yake pamoja na wachache. Wa kiwandani na wenzake wa ile changa walikuwa kama wapiga kura wa chama kisicho na ofisi. Wengine wote waliwanyooshea mikono Wajapani.

"Lakini hamwelewi wanachosema!" nikawaambia. "Na mtandao unakwama!"

"Wewe si uko?" akasema bi kizee.

Nimeitii kura. Ile kongwe niliyokua nayo nimeiondoa bandani, naitazama nyumbani kwenye simu. Bado nasema wamekosea. Mieleka bila maneno ni mchuzi bila ndimu, na kila wiki nawaambia, na kila wiki wananizomea.

Kikao cha ukoo kilikaa. Sikukiogopa, nilikwenda, nikasikiliza, nikasema nilichokuwa nacho. Wazee waligawanyika, banda likabaki mikononi mwangu. Lakini ushindi una gharama zake. Shemeji aliacha kunisalimu. Watoto wake waliokuwa wakija kwangu kila sikukuu hawakuja. Ligi ziliporudi, baadhi ya wanaume wa mpira walihamia kwa mwenye banda mwingine wakisema kwangu kumekuwa kwa wanawake. Waliobaki wamebaki.

Halafu ikafika arusi ya binti wa shemeji. Kadi hazikufika kwangu. Nilijua tarehe kwa sababu muuza mahamri ndiye aliyepewa kazi ya mahamri.

"Utakwenda?" akaniuliza.

"Yule mtoto nimemtia wanja wa kwanza mimi. Niulizwe na nani?"

Nilikwenda siku ya mapishi, asubuhi, na kisu changu na kibao changu. Wanawake walikuwa wamekaa uani wakimenya viazi na vitunguu, masufuria yamepangwa. Nilitoa salamu, wakaitikia, nikavuta kigoda nikakaa katikati yao. Shemeji alitoka ndani akaniona. Alisimama. Nilimtazama machoni nikasema, "Assalaam aleikum, shemeji. Hongera." Salamu ya Mungu haikataliwi hivi hivi.

"Wa aleikum salaam," akasema, akaingia ndani.

Nilikuwa nimemenya kiazi changu cha pili pale dada ya bibi arusi, aliyekaa karibu na sufuria ya wali, aliponong'ona, "Mama mkubwa, eti ni kweli yule mdogo wa bendeji amechukua mkanda?"

Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi, na kila kilichosemwa uani kilisikika ndani.

"Sogeeni," nikasema, nikapaza sauti kama ninavyoipaza bandani. "Hili haliwezi kuelezwa kwa kunong'ona."